Nyumba Iliyokataliwa Mara Mbili

Huko Torvik, kaskazini mwa Minnesota, mtu akikukaribisha kahawa husemi, "Asante, nipe." Unasema, "Ah, usijisumbue." Anakuambia imeshachemka. Unasema hukai sana, unapita tu. Anakuambia basi hata nusu kikombe. Hapo, mara ya tatu, ndipo unakubali, na unaletewa kikombe kimejaa hadi ukingoni, na hakuna aliyedanganya wala aliyedanganywa. Mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na anayeacha kutoa baada ya mara ya kwanza ni bahili. Kwa mambo ya kahawa na keki, utaratibu huu haujawahi kumdhuru mtu.

Arlys Haugdahl alikuwa na miaka sitini na mmoja baba yake alipojaribu kumpa nyumba.

Mara ya kwanza ilikuwa wiki moja kabla ya Krismasi. Arlys alikuwa jikoni akisukuma lefse, ile mikate myembamba ya viazi, na unga ulikuwa umempanda hadi viwikoni. Mzee Selmer akaingia na koti lake la kwendea mjini, karatasi mkononi. Alikuwa ametoka benki, ambako karani mwenye muhuri alimshuhudia akitia saini. Ilikuwa hati ya kuachia haki. Hati ya namna hiyo ni karatasi fupi, isiyo na majigambo. Haisemi kwamba nyumba ni ya anayeitoa. Haiahidi kwamba hatatokea mtu kesho akaidai. Inasema tu: haki yoyote niliyo nayo hapa, kama ninayo, nakuachia wewe. Watu wa Torvik wanaipenda kuliko hati nyingine zote, na si ajabu, maana inazungumza kama wao.

"Shika," mzee alisema. "Nyumba hii. Nimekuandikia."

"Baba jamani! Haraka ya nini? Si bado uko hai?"

"Najua niko hai."

"Basi kaa nayo wewe. Nione nilivyo, unga mtupu."

Mzee akaitazama mikono ya binti yake, akaitazama karatasi, akasema, "Haya," akateremka nayo chumba cha chini. Arlys alibaki pale akitabasamu peke yake, na kwa furaha aliyokuwa nayo akaunguza mikate miwili.

Alikuwa na haki ya kufurahi. Miaka ishirini na miwili iliyopita mama yao alipopooza, Arlys aliacha kazi ya maktaba huko mjini akarudi shambani kwa muda tu, kama alivyosema. Mama akafa, muda ukaendelea. Mashamba yaliuzwa kipande kwa kipande, ikabaki nyumba, ghala na ua wa mililaki, vile vichaka vya maua ya zambarau. Kila chumba cha nyumba ile alikuwa amekipaka rangi yeye, vingine mara tatu. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na hakuwa na mlango mwingine popote duniani ambao angeweza kuufungua bila kubisha hodi.

Mara ya pili ilikuwa mwezi wa nane. Walikuwa wameketi kwenye ngazi za nyuma wakimenya njegere, kila mmoja na bakuli lake.

"Ile karatasi," mzee alisema. "Ichukue sasa. Ukaisajili kwenye jengo la mahakama, tumalize."

"Hakuna haraka, baba. Na mdogo wangu Verlyn je?"

"Verlyn ana kwake."

"Haya, tutaona. Mimi hata sina haja ya nyumba kubwa hivi."

Hilo ndilo jibu la adabu la mara ya pili. Unakidogosha kile unachopewa, usionekane una uchu nacho. Mzee alimenya njegere mbili tatu, akasema ng'ombe wa jirani wametoka tena, na mazungumzo yakahamia kwa ng'ombe.

Arlys akangoja mara ya tatu. Alingoja mwezi wa tisa wote. Mwezi wa kumi alianza kujipitishapitisha mbele ya baba yake akiwa amenawa mikono na kuikausha vizuri, asije akakutwa tena na unga. Siku ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, ikapita, bata mzinga akaliwa, mzee hakusema kitu. Mwezi wa tatu, Jumanne moja asubuhi, Arlys alimpelekea kahawa akamkuta amekufa kwenye kiti chake, redio inataja bei ya soya.

Alizikwa Ijumaa. Kina mama wa kanisa walileta mikate ya nyama na vyombo vya keki vyenye majina yao chini, ili virudi kwa wenyewe. Verlyn alikuja kutoka Arizona, ambako aliuza pampu za mabwawa ya kuogelea. Alikuwa mdogo wa Arlys kwa miaka mitatu, ameungua na jua hadi masikioni, ameoa mara mbili na kuachana mara mbili. Kwa miaka thelathini, kila alipokuja nyumbani alikaa siku nne. Safari hii alisema atakaa kumi, mpaka mambo yaishe.

Kesho yake, Jumamosi, Arlys aliteremka chumba cha chini, akafungua friza. Hakuhitaji kuambiwa. Zamani nyumba ya akina Brekke iliungua yote, ikabaki friza imesimama katikati ya majivu, nyama yake ingali imeganda. Tangu siku hiyo parokia nzima huhifadhi karatasi zake kwenye friza. Hati ilikuwa ndani ya ndoo ya aiskrimu, chini ya soseji za kulungu, na jina la Arlys lilikuwa juu yake kwa mwandiko wa baba. Aliifunga kwenye kitambaa cha kufutia vyombo akaipeleka kwa wakili.

Wakili Renata Schoep alizaliwa maili tisa kutoka pale. Aliikunjua ile hati polepole, ikalowanisha meza.

"Ilikuwa friza ya nani?" aliuliza.

"Ya baba."

"Mm. Usione haya, Bi Arlys. Nimeletewa hati kutoka kila friza ya wilaya hii. Moja ilikuja na samaki." Akaisoma hadi mwisho. "Imeandikwa sawa. Saini ipo, muhuri upo. Tatizo ni kwamba hati haifanyi kazi kwa kuandikwa. Inafanya kazi ikikabidhiwa. Mwenye nyumba aitoe mkononi mwake akiwa hai, na wewe uipokee. Ikibaki kwake mpaka akafa, hiyo ni karatasi tu."

Arlys akakikunja kile kitambaa cha vyombo mara nne.

"Sasa nisikilize vizuri kabla hujajibu," wakili akasema. "Aliwahi kukukabidhi? Hata dakika moja? Hata kama uliishika, kisha ukamrudishia akuwekee?" Baada ya kuuliza hivyo akageuza kiti akatazama dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu cha kutazama.

Arlys si mjinga. Alijua jibu linalotakiwa, na alijua kwamba jikoni siku ile walikuwa wawili, na mmoja yuko kaburini. Ilikuwa kusema ndiyo tu.

"Alitaka kunipa," alisema. "Nikamwambia akae nayo."

"Mara ngapi?"

"Mbili."

Wakili akageuka. Kalamu aliiweka chini. "Mungu wangu," alisema taratibu. "Mbili."

"Nilikuwa nangoja ya tatu."

"Najua, mama. Ungefanyaje tena."

Kisha akamweleza yaliyobaki. Mzee hakuacha wosia, kwa hiyo nyumba ni ya watoto wote wawili, nusu kwa nusu. Verlyn akitaka kuuza, nyumba itauzwa, Arlys apende asipende. Dawa ilikuwa moja: Verlyn amwandikie dada yake hati kama ileile, aiachie nusu yake. Wakili akaipiga chapa palepale.

"Ana mke? Maana mke naye lazima atie saini."

"Sasa hivi hana."

"Afadhali, hapo tumepona. Haya, chukua. Muombe tu."

"Nimuombe?"

"Kwa mdomo, Bi Arlys. Sentensi moja."

Arlys aliitia karatasi kwenye mkoba akatoka na uso wa mtu aliyeambiwa apite barabara kuu bila sketi. Kukataa alifundishwa na watu wawili, baba na mama. Kuomba hakufundishwa na mtu.

Basi akafanya alichojua. Jumatatu alipika bakuli la nyama ya kusaga na viazi, chakula alichokipenda Verlyn tangu utotoni. Wakati anapakua akasema, "Paa hili linataka mtu wa kulitunza."

"Kweli," Verlyn akasema. "Limechoka sana."

Jumanne akasema, "Nimezizoea hizi ngazi mpaka nazipanda gizani."

"Na hayo magoti yako? Mimi ngazi hizi zinanitia hofu, dada. Siku moja utavunjika nyonga hapa na hakuna hata wa kukusikia."

Jumatano akasema mililaki mwaka huu itachanua mapema. Verlyn akasema yeye poleni humpigisha chafya. Mtu angekuwepo angetamani kuwashika vichwa awagonganishe. Kila neno Arlys alilolitupa lilimrudia limegeuka, na kila liliporudi alilipokea na kusema, "Ndiyo, hilo nalo." Hati ilikaa kwenye mkoba, mkoba ukakaa kwenye kiti, na kila alipopita Arlys aliugusa kuona kama bado upo.

Alhamisi Verlyn alikuja na habari.

"Nimezungumza na jirani yetu Brekke. Anapachukua pote."

"Pote," Arlys akasema.

"Nyumba ataibomoa, apande soya hadi barabarani. Bei yake nzuri, dada, siyo ya kukulalia. Kwa nusu yako unapata kijumba kizuri mjini, hakina ngazi, karibu na maktaba. Unaonaje? Kesho asubuhi anakuja kupima."

"Hilo ni wazo zuri," Arlys alisema. Akainuka akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Ijumaa ilikuwa na jua na matope. Kutoka kwenye sinki Arlys alimwona Odean Brekke akishuka kwenye pikapu yake na futi ya kupimia na kifurushi cha utepe mwekundu. Akapima kutoka barabarani hadi ghalani. Akapima kutoka ghalani hadi kwenye mililaki. Akakata utepe, akaufunga kwenye tawi la mwisho, pale mashine itakapoanzia. Alipomwona Arlys dirishani akampungia mkono, naye Arlys akampungia.

Verlyn alikuwa mlangoni akivaa koti.

"Verlyn."

"Naam, dada."

"Nina karatasi." Akaitoa mkobani, akaiweka mezani, akaisogeza kidogo upande wake, kisha akaficha mikono nyuma.

Verlyn aliisoma akiwa amevaa mkono mmoja wa koti. "Hii nini? Unataka nikuachie nusu yangu?"

"Kama si usumbufu."

"Usumbufu! Dada, siku zote hizi unanilisha viazi, unaniambia leo, mwenzetu ameshafunga na utepe?"

"Sikutaka kukulazimisha."

"Lakini wewe nyumba hii huitaki!"

"Nani kasema?"

"Baba kasema!"

Arlys akashika ukingo wa meza.

"Alinipigia mwezi wa nane," Verlyn akasema, sauti imeshuka. "Akaniambia, nimempa Arlys nyumba mara mbili, na mara mbili amekataa. Amesema hana haja ya nyumba kubwa. Akasema, amechoka hapa, anabaki kwa kunihurumia tu. Nikifa uza, mgawane, umwache mwenzio aende zake."

"Mara mbili," Arlys alisema. "Anajua mara mbili maana yake nini. Si ndiye aliyenifundisha?"

"Hilo nilimwambia. Nikamwambia, baba, mwulize tena, unawajua watu wa hapa. Akasema hapana. Akasema mara ya tatu utakubali. Utakubali kwa adabu, halafu utakuwa umefungwa hapa maisha, na yeye ndiye atakuwa amekufunga."

Arlys alikaa kitini. Alikuwa amemlaumu mzee miezi saba, kimoyomoyo, kwa ubahili wa mtu anayetoa mara mbili akaacha. Kumbe mzee alikuwa akimfungulia mlango.

Verlyn akavua ule mkono wa koti. "Sikiliza. Mimi nimekaa kule Arizona miaka thelathini. Kule mtu anaulizwa mara moja na anajibu mara moja, na hakuna anayekufa. Nakuuliza mara moja. Nyumba hii unaitaka, au huitaki?"

Mdomo wa Arlys ulikuwa umeshaanza. "Ah, kama wewe una..." Akajisikia mwenyewe, akanyamaza. Nje Brekke alikuwa anakata utepe wa pili. Moyo ulimdunda kama mtu anayetaka kuiba.

"Naitaka," alisema.

Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Alitazama huku na huku kuona kama kuna kilichoharibika.

"Naitaka yote. Pamoja na ngazi. Sitaki kijumba. Sitaki kukaa karibu na maktaba."

"Haya basi," Verlyn alisema. "Kumbe unaweza." Akatoka kwenda kumweleza Brekke.

Brekke hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha, maana Torvik hayo ni mamoja. Aliufungua utepe wake akauviringa vizuri, akautia mfukoni. Alipokaribishwa kahawa alisema asisumbuliwe, kisha akasema ana haraka, kisha akanywa vikombe viwili na kula keki tatu. Habari za nyumba hazikutajwa. Walizungumza juu ya matope.

Kabla ya saa sita ndugu wawili walikuwa benki, mbele ya karani mwenye muhuri. Hati ilimtaja mtoaji kwa ukamilifu: Verlyn Haugdahl, mwanamume asiye na ndoa.

"Hata hilo lazima liandikwe?" Verlyn akauliza.

"Ndiyo sheria, bwana," karani alisema.

"Basi andika pia nimeungua na jua."

Akatia saini. Safari hii karatasi haikuzunguka. Verlyn alimnyooshea, Arlys akaipokea kwa mikono miwili, wakavuka barabara hadi ofisi ya kusajili hati. Mwanamke wa dirishani akaigonga muhuri wa saa na tarehe, akaiandika namba, akasema yanayobaki ya mirathi wakili atayamaliza. Haikuchukua hata robo saa. Haki yoyote aliyokuwa nayo Verlyn, kama alikuwa nayo, ilikuwa imekwenda kwa dada yake.

Wakaingia kwenye pikapu ya marehemu. Arlys alishika usukani lakini hakuwasha gari. Mbele yao mtu alikuwa anakwangua barafu ya mwisho kwenye ngazi za mahakama.

"Una nini tena?" Verlyn akauliza. "Umeshapata."

"Alikupigia siku gani?"

"Nani?"

"Baba. Hiyo siku ya mwezi wa nane."

"Jumapili, kama kawaida yake. Baada ya kanisa."

Kila Jumapili baada ya kanisa, mzee Selmer alikuwa akipiga simu kwa mwanawe kutoka simu ya ukutani, pale jikoni, akiwa ameipa sinki mgongo. Simu ilidumu muda wa kuosha vyombo. Kwa miaka ishirini na miwili Arlys alifungua bomba hadi mwisho kila Jumapili, maji yakapiga kelele, ili baba yake aongee na mwanawe kwa uhuru, asidhani kwamba kuna mtu anasikiliza. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Ilikuwa heshima tu.

"Nilikuwepo," Arlys alisema. "Nilikuwa nyuma yake, hatua tatu. Naosha vyombo."

"Najua," Verlyn alisema. "Nilikuwa nasikia maji."